Nyota Inayomeza Herufi

Wajukuu zangu, mkija kunitembelea hapa Ngoingwa na kompyuta zenu mgongoni, huwa mnanicheka kidogo. Nikiwaambia kwamba miaka yangu mizuri ya kazi niliimaliza nikiifundisha mashine maana ya nyota, mnasema, "Shosho, si hiyo ni laini moja tu ya programu?" Kisha mnanionyesha. Mnaandika herufi mbili tatu, mnaweka nyota, mnabonyeza, na majina yanashuka kwenye skrini kama mvua.

Ni kweli, siku hizi ni laini moja. Kuna mtu aliwaandikia zile zilizobaki, nyinyi mkazikuta tayari. Siwaonei wivu. Lakini ndani ya hiyo laini kuna kitu nilichokiona kikifanya kazi mchana kweupe, watu wakitazama, na hadi leo sijakizoea. Ndicho ninachotaka kuwasimulia. Wekeni vikombe hapo mezani, mbali na nyaya zenu.

Nilikuwa mtu wa kompyuta katika hospitali moja ya misheni pale Thika. Niliingia kama mpiga chapa tu. Kompyuta zilipoletwa, metroni, mkuu wa wauguzi, akatafuta mtu anayeweza kuandika bila kutazama vidole vyake, na mtu huyo nikawa mimi. Ndivyo nilivyoangukia mikononi mwa Bwana Mutua.

Bwana Mutua alikuwa Mkamba mrefu, mpole, mwenye kuvaa sweta hata siku ambazo lami ilikuwa inalainika kwa jua. Kabla ya kompyuta alikuwa fundi wa simu. Ukimuuliza jambo, alikuwa anakaa kimya kwanza kama mtu anayesubiri laini iingie, kisha ndipo anajibu. Mwanzoni nilidhani hajanisikia. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amenisikia kuliko nilivyojisikia mwenyewe.

Shida yetu ilikuwa majina. Kila mgonjwa aliyewahi kupita pale alikuwa ndani ya programu yetu, lakini lugha ya kompyuta tuliyoiandikia ilijua kuuliza swali moja tu: je, neno hili na lile ni sawasawa? Herufi moja ikipotea, jibu ni kwamba mtu huyo hayupo. Sasa mfikirieni Esther. Karani mmoja aliandika Esther, mwingine Esta, mwingine Ester, na kuna mmoja, Mungu ambariki, aliyeandika Estha. Mama anarudi na mtoto mgongoni, anaambiwa hajawahi kuja hospitali hii.

"Sijawahi kuja?" mmoja alimfokea karani wetu Gathoni siku moja. "Na huyu nilimzalia wapi, kwa kahawa?"

Bwana Mutua akasema dawa ni kuifundisha mashine kukubali kwamba hatujui. Alama ya kuuliza isimame mahali pa herufi moja, iwe yoyote. Nyota isimame mahali pa herufi zozote, ziwe nyingi, ziwe chache, au zisiwepo kabisa. Hapo kwa "zisiwepo kabisa" nikamkatiza. Nikamuuliza, kitu kitasimamaje mahali pa kitu ambacho hakipo?

Akanyamaza. Laini ikaingia.

"Ni kama kiti cha mgeni mezani," akasema. "Mgeni asipokuja, si bado tunakula?"

Hakunipeleka kwenye kompyuta. Alipasua boksi la maziwa, akakata vipande, akaandika herufi juu yake na kuzipanga mezani safu mbili. Safu ya juu ndiyo swali: nyota, kisha R, O, S, E. Safu ya chini ndilo jina: PRIMROSE. "Kidole cha kushoto kwenye swali," akaniambia, "cha kulia kwenye jina. Tembea."

Nikatembea. Kidole cha kushoto kikakuta nyota, kikaivuka. Cha kulia kikaacha P imezwe na nyota, kikafika R. R na R, sawa. Vidole vyote viwili vikasonga. Sasa kushoto nina O, kulia nina I. Nikainua mikono. "Haifanani. Hayupo."

"Na mimi ninamwona hapo amekaa," akasema Bwana Mutua. "Prim-rose. Rose yuko mwishoni."

Kisha akatoa mfukoni punje moja ya kahawa. Akaiweka chini ya ile herufi nilipoivukia nyota. Akanieleza kwamba nyota ikikutana na herufi, usisonge mbele bila kuacha alama. Ukikwama mbele, usikate tamaa na usirudi mwanzo. Rudi kwenye punje. Isogeze mbele herufi moja, maana yake nyota imemeza moja zaidi, kisha ujaribu tena kutoka hapo. Nikafanya hivyo. Nyota ikameza P, ikameza R, I, M, na punje ilipofika chini ya ile R ya pili, vidole vyangu vikatembea pamoja mpaka mwisho bila kukwama. R, O, S, E.

Nilibaki nimeshika vile vipande. Sijui kama mmewahi kuisikia ile baridi inayopita mgongoni kanisani wimbo ukiingia vizuri. Hivyo ndivyo nilivyosikia, juu ya boksi la maziwa.

Tulipoiandika, programu yenyewe ilikuwa fupi mno. Ungeweza kuifunika kwa kiganja. Lakini haikufanya kazi mara moja, msidhani. Tuliuliza majina yote yanayoishia na A, ikasema hakuna hata moja. Thika nzima, hakuna Wanjira, hakuna Wanja, hakuna Anna! Tulihangaika nayo sana mpaka Bwana Mutua akagundua kwamba kila jina lilikuwa limehifadhiwa ndani ya nafasi za urefu uleule, na jina fupi lilijaziwa nafasi tupu nyuma. Kwa mashine, jina la Anna halikuishia na A. Liliishia na hewa. Mpaka leo, mkiniletea neno la kulinganisha, swali langu la kwanza ni moja: umelipangusa mkia?

Gathoni naye, siku ya kwanza kuitumia, aliandika nyota peke yake, akaagiza ichapwe. Printa ikaanza. Karatasi zikatoka, zikajikunja sakafuni, zikapanda mpaka magotini, na printa inazidi kulia. Daktari alikuwa anapita, akasimama mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Ni jibu," akasema Bwana Mutua. "Ameuliza ni nani yuko. Imemwambia."

Sasa niwaeleze kuhusu mtoto.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mama mmoja anayeitwa Njeri, muuza ndizi mbivu anayeishi Kiandutu, aliingia hospitalini amembeba msichana mdogo wa kama miaka mitatu, amefunikwa kwa leso. Hakuwa wake. Alikuwa amempata sokoni jana yake, amesimama peke yake katikati ya marundo ya mitumba.

"Nimezunguka naye nikiuliza mpaka watu wamefunga," Njeri akamwambia metroni. "Polisi wameandika, wakasema nikae naye kwanza. Lakini amechemka mwili, na mimi kwa nyumba yangu hata pa kugeukia hakuna. Haki sikujua pengine pa kumpeleka."

Daktari akampima, akampa dawa ya kifua. Homa ikaanza kushuka. Lakini kitanda cha watoto hakikuwepo cha kumweka siku nyingi, na metroni, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, akapiga simu kwa afisa wa watoto kama sheria inavyotaka. Jibu likaja kwamba gari litapita alasiri, limpeleke katika nyumba ya watoto huko Nairobi.

"Nairobi?" Njeri akauliza. "Na mama yake akimtafuta hapa Thika?"

Miaka ile simu za mkononi zilikuwa za watu wachache. Mtoto akiingia Nairobi bila jina, kumrudisha kungekuwa bahati.

Jina lenyewe alikuwa nalo, ila hakuna aliyelielewa. Ukimuuliza, "Unaitwa nani?" alikuwa anajibu kwa sauti ndogo, "Anjaya." Na mama? "Mama Anjaya." Hilo tu.

Wakamleta ofisini kwetu na kikombe chake cha uji. Kliniki yetu ya chanjo ilikuwa inahudumia watoto wa mbali na karibu, na Gathoni akawaza kwamba huenda mtoto huyu amewahi kupita pale.

"Huyu ni Wanjira," akasema Gathoni. "Ulimi wake haujafika tu."

Nikaandika WANJ na nyota. Lo! Kina Wanjiru, kina Wanjiku, kina Wanja, kina Wanjeri. Kutafuta Wanjiku Thika ni kutafuta mchanga mtoni. Tukachuja kwa umri, tukachuja kwa jinsia, na wale waliobaki Gathoni akawasoma mmoja mmoja kwa sauti, akimtazama mtoto usoni. Wanjira wa Makongeni. Wanjira wa Gatuanyaga. Wanjiru, Wanjiru, Wanjiru. Mtoto alikuwa anakunywa uji wake na kutazama dirisha. Hakugeuka.

Tulifika mwisho. Njeri alikuwa amesimama ukutani, hata kiti alikuwa amekikataa. Aliacha ndizi zake kwa jirani na hakutaka kurudi sokoni.

"Labda hajawahi kuletwa hapa," nikasema. Na niliamini hivyo.

Hapo ndipo Bwana Mutua alipoingia, mikono imejaa vumbi la nyaya. Tukamweleza. Akamtazama mtoto, akatazama skrini.

"Amesema anaitwa nani?"

"Wanjira," Gathoni akajibu.

"Yeye mwenyewe amesema Wanjira?"

"Amesema Anjaya."

Kisha akauliza polepole, "Hiyo W mmeitoa wapi?"

Akaigusa ile W kwenye skrini kwa kidole chenye vumbi.

"Mtoto hakuwapa W. Mmeitoa nyumbani kwenu. Ulizeni kwa kile alichowapa."

Nikakaa chini. Nikamwomba Njeri amuulize tena jina, na tena. Kila mara ilitoka vilevile. Katikati palikuwa wazi kabisa: anja. Mbele yake huenda palikuwa na kitu kilichodondoka, huenda hapakuwa na kitu. Baada yake kulikuwa na sauti ambayo ulimi wake haukuweza kuibeba, hivyo akaweka nyingine mahali pake. Mwishoni, a. Nikaandika nyota, ANJA, nyota, A, nikachuja kwa umri tu. Nikabonyeza.

Taa ya mashine ikawakawaka. Mnajua mlivyozoea jibu kuja kabla hamjainua kidole? Sisi tulikuwa tunangoja. Nikaiona akilini ile punje ya kahawa ikisogea chini ya kila jina, herufi kwa herufi, mtoto kwa mtoto, ikikwama, ikirudi, ikijaribu tena, bila kuchoka na bila kumdharau yeyote.

Majina yakatoka, machache tu, yakatosha kwenye skrini moja. Kulikuwa na Wanja Wacera tena, na hapo nilishangaa, maana nyota ilikuwa imemeza hata ile nafasi tupu kati ya jina na jina. Kulikuwa na Sanjana, mtoto wa familia ya Kihindi yenye duka mjini. Kulikuwa na mvulana, Wanjala. Na wa mwisho, Nanjara.

Nikamwangalia Gathoni, naye akaniangalia. Sisi wote wawili ni Wakikuyu wa Murang'a, na vichwa vyetu vilikuwa vimejaa majina ya kwetu. Hatukuwa na ubaya wowote, hatukufikiria tu. Thika imejaa watu wa magharibi ya nchi, wenye majina kama hayo, kwenye viwanda, kwenye mashamba ya kahawa, tunasali nao na tunawachanja watoto wao, na bado hata mmoja wao hakutujia akilini. Nyota yenyewe haina kwao. Ilimpitia kila mtu.

"Wanja Wacera," Gathoni akasoma. Mtoto akanywa uji.

"Sanjana." Akatazama dirisha.

Yule mvulana, Wanjala, Gathoni akamruka. Akashusha sauti, sijui kwa nini. "Nanjara."

Kikombe kikashuka. Mtoto akageuka, lakini hakumgeukia Gathoni. Aligeukia mlango, kama mtu aliyeitwa kutoka nje. Alipoona hakuna mtu pale mlangoni, akaanza kulia. Njeri akasema tangu amwokote hakuwa amelia hata mara moja.

"Ngai, Mungu wangu," akasema Njeri, akaenda kumbeba.

Kwenye skrini palikuwa na jina la mama, Everlyne, na mahali: Kimbo, Ruiru, nyuma ya kinu cha posho.

Metroni akaniambia nichukue pikap ya hospitali na dereva twende mara moja. Mtoto asingetoka mpaka mzazi apatikane kweli. Nikamuuliza itakuwaje gari la Nairobi likifika kabla yetu.

"Nitawapa chai," akasema. "Chai ya hapa inachelewa kuiva."

Kule Kimbo tulikikuta kinu kwa urahisi. Nyuma yake palikuwa na ploti yenye vyumba vingi, na wanawake wakifua uani. Nikauliza nyumba ya mama Nanjara. Wakatazamana.

"Hakuna Nanjara hapa."

Kisha mmoja aliyekuwa akisuuza akasimama, maji yakimtiririka viwikoni.

"Ni Nanjala mnasema? Wa Eva?" Akanisogelea. "Mama, mtoto ni mzima ama mmekuja na habari gani?"

Kabla sijajibu, mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka. Alitoka mwanamke kijana, macho yamevimba, vidole vimekuwa vyeusi kwa kuchuma kahawa. Hakututazama sisi. Alitazama pikap nyuma yetu, ndani, upande huu na ule. Akaona haina mtoto. Akashika ukuta.

"Yuko hospitali, Thika," nikasema upesi. "Anakunywa uji."

"Sema tena."

"Anakunywa uji."

Njiani alitusimulia. Walikuwa wanatafuta viatu vya mtoto kwenye mitumba. Mkokoteni wa mananasi ukapinduka, watu wakakimbia huku na huku, na alipofungua macho, mkono aliokuwa ameushika haukuwepo. Alikimbilia kituo cha polisi kilichokuwa karibu naye. Njeri naye alikimbilia kile kilichokuwa karibu naye. Kila kimoja kiliandika, na habari zilikuwa bado hazijakutana.

Tulipofika, afisa wa watoto alikuwa ameketi ofisini kwa metroni na kikombe cha chai. Everlyne alimpita bila kumwona. Mtoto alikuwa kwenye magoti ya Njeri. Alimtazama mama yake kwa muda, akanyoosha mkono, akampiga kofi dogo la hasira shavuni. Kisha akamshika shingo kwa mikono yote miwili na hatukuweza kuuona uso wake tena.

Njeri alilia kuliko mama mwenyewe. Everlyne akapiga magoti mbele yake na mtoto hivyohivyo shingoni, na wale wanawake wawili wakazungumza maneno ambayo hayakunihusu, nikatoka nje.

Baadaye, dawa zikiwa zimefungwa na afisa amekwisha kuondoka na karatasi zake, Everlyne alikuja mlangoni kwetu.

"Nani hapa alikuwa anamjua mtoto wangu?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa akimjua. Nikamwita akae karibu nami, nikamwonyesha ile nyota, ile ANJA, nyota ya pili, ile A. Nikamwambia mtoto wako alitupa hivi tu, na haya mengine tulikubali kwamba hatuyajui. Akasogea, akasoma jina la mwanawe kwenye skrini taratibu, akifuata kwa kidole. Akafika mwisho, akarudia.

"Lakini hapa mmeandika vibaya," akasema. "Nanjara. Si Nanjara. Ni Nanjala."

Gathoni akafunika mdomo. Ulimi wetu wa Kikuyu, usio na L! Karani alisikia L, mkono ukaandika R, na kila kliniki mtoto aliitikia tu kwa sababu sauti hizo mbili zilikuwa karibu. Bwana Mutua akavuta kiti akakaa. Niliona jambo limemwingia, nami likaniingia wakati uleule. Kama mama huyu angekuja mwenyewe, akatutajia jina sawasawa, herufi moja moja, mashine yetu ya zamani ingemwambia mtoto kama huyo hayupo. Mtoto alikosea jina lake kwa namna yake. Sisi tulilikosea kwa namna yetu. Makosa hayo mawili yalikutana ndani ya nyota moja, na ndani yake kulikuwa na nafasi ya yote mawili.

Nikavuta kibodi karibu.

"Nirekebishe?" nikamuuliza mama.

"Rekebisha."

Akasimama nyuma ya kiti changu, Nanjala amelala mgongoni mwake, ninasikia pumzi zake kwenye sikio langu. Nikafuta ile R. Nikaandika L. Nikamsomea jina zima, polepole, nikiuvuta ulimi wangu kwa nguvu usiteleze.

"Ee," akasema Everlyne. "Sasa ni yeye."